Alizeti Iliyotwangwa

Siku mashine yangu ya kukamulia alizeti ilipowashwa kwa mara ya kwanza, hapa Mwankoko, wanawake tisa wa Mgori walikuwa wamekaa uani kwangu juu ya mavuno yao yote. Nasema juu yake kabisa, maana kila mmoja alikuwa amekalia gunia lake, kana kwamba kuna mtu wa kuliiba. Mbele yao alisimama mama yangu mzazi, kanga mpya kiunoni. Yeye ndiye aliyewashawishi wasiuze.

Kwetu Mgori alizeti haikuwahi kukaa. Ilipigwapigwa, ikapepetwa, ikashonewa maguniani, lori la mnunuzi likaja likabeba, basi. Halafu jioni mama ananipa kichupa cha dawa ya kikohozi, kile cha kioo cha kahawia, nikimbie dukani nikapimiwe mafuta ya kupikia. Nyumba nzima ya wakulima wa alizeti, na mafuta tunanunua kwa kichupa! Mama aliyadondosha kwenye mboga kwa kifuniko, vifuniko viwili, na ukimwangalia sana anakuambia utoe macho yako sufuriani. Nilikuwa mtoto mwenye mdomo, nikauliza mbona alizeti ni yetu na mafuta si yetu. Nilikula kofi. Nadhani na yeye swali lile lilikuwa likimwasha.

Nilipokuwa mtu mzima niliacha jembe, nikaja huku mjini, nikafanya kazi miaka mingi kwenye mashine za watu. Watu wa nyumbani walisema nimekimbia kilimo. Nilikimbia kweli, sikatai! Lakini nilijua ninakokwenda, na nilipopata mashine ya kwangu nilimpigia mama simu kabla sijamwambia hata mume wangu.

Mama akakubali kwa sharti lake. Wanawake wenzake wangeleta magunia, lakini lori nalo lingepitia Mwankoko saa tisa mchana siku hiyohiyo. Mashine ikikubali, lori lirudi tupu. Ikigoma, wanapakia, na hakuna wa kunisikiliza tena hapa duniani. "Mimi nimeweka uso wangu, mwanangu," aliniambia. "Usije ukaniumbua."

Basi fundi akawasha. Mashine ikanguruma, wanawake wakapiga vigelegele, mama akamimina kwa mikono yake gunia la kwanza, ambalo hakutaka mtu mwingine aliguse. Tukatazama pale chini panapotoka mafuta. Hakuna kitu. Tukasubiri. Kikaanza kutoka kitu kizito, cheupe, kinasukumwa taratibu kama ugali mbichi, mashine ikaanza kukoroma, halafu ikanyamaza.

Jamani, nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Vigelegele vilikatika palepale. Mwanamke mmoja akatazama jua akasema, si kwa ubaya, "Lori si linakuja?" Mama alikuwa akikunja ncha ya kanga yake na kuikunjua.

Nikamgeukia fundi. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, na nusu yake niliyasema kwa Kinyaturu chetu ili yaume vizuri, ingawa yeye mtu wa Itigi hakuambulia kitu. Maskini yeye! Alifungua mashine, akachota kiganja cha mbegu zilizobaki juu, akazigeuza geuza, akauliza kwa upole, "Samahani, nani amemenya hizi?"

"Sisi," mama akasema, na kichwa akakiinua.

Kumbe! Kwetu mgeni mwenye heshima hapelekewi nafaka yenye maganda. Uwele unatwangwa, unapepetwa, unatwangwa tena, mpaka ukiutia mkono unateleza. Mama yangu anasifika Mgori nzima kwa ungo wake. Sasa kwa mashine ya binti yake angeleta mbegu na maganda yake, kama watu wasio na adabu? Walikuwa wamekaa siku tatu, wanawake tisa, kinu kwa kinu, wanaivunja alizeti ganda moja moja na kuipepeta, gunia zima, mpaka ikawa nyeupe pe. Hawakuniambia. Ilikuwa zawadi.

"Mama," fundi akasema, "mashine hii bila maganda haishiki. Mbegu zinateleza tu mle ndani zinakuwa uji. Maganda ndiyo yanayozibana."

Nilifungua mdomo kufoka, halafu nikaiona mikono ya mama. Vidole vilikuwa vimevimba. Nikaufunga. Hasira zote zikaniishia.

Ni mama aliyecheka kwanza. Alicheka mpaka akashika gunia asianguke. "Yaani tumeipikia mashine uji!" Wenzake wakaangua, mmoja akalala chali kabisa uani, mbavu hana. "Na mimi nilivyokuwa nawagombeza, pepeteni vizuri, mtaniaibisha!" Mama machozi yanamtoka. Mimi nacheka huku nalia, sijui lipi lilianza.

Fundi akasafisha mashine. Akachanganya kidogo kidogo ile mbegu nyeupe na ile ya magunia mengine yenye maganda, akawasha. Safari hii mashudu, yale makapi ya mbegu, yakatoka upande mmoja yamekauka, na kule chini, kwanza tone, halafu uzi, halafu mafuta yakateremka ya njano, yanafuka mvuke kidogo, na harufu ile. Weee! Hakuna aliyepiga kigelegele. Walisogea wote wakainama kutazama, kama wanamtazama mtoto aliyezaliwa sasa hivi.

Yalipotulia, mama akadai jiko. Akabandika karai, akamimina mafuta. Akamimina. Nikasema, "Mama, yanatosha," akanijibu niondoe macho yangu kwenye karai lake. Akakaanga mihogo, vipande vikielea.

Lori likafika saa tisa na dakika zake. Dereva, ambaye Mgori wanamjua tangu ana nywele, akashuka akamsalimia mama, "Shikamoo, mama. Mzigo uko wapi?"

"Marahaba. Kaa kwanza." Mama akampa kipande cha muhogo, cha moto. Akala, akalamba vidole, akauliza tena mzigo uko wapi. "Ndio huo unaoula," mama akasema.

Likaondoka tupu. Tulilisindikiza kwa macho mpaka kona, na siku hiyo hakuna mtoto aliyetumwa dukani.

Jua linaelekea kuzama, wenzake wakiwa wameshapanda toyo, ile pikipiki ya matairi matatu, na madumu yao, mama alinivuta pembeni. Alionekana ana haya, na mama yangu hana haya. Akafungua pindo la kanga, akatoa kichupa cha kahawia. Kilekile. Akasema taratibu, "Mwanangu, kama yamebaki, nitilie kidogo ya mboga."

Nikamwonyesha dumu la lita ishirini lililokuwa miguuni pake, ambalo alikuwa ameliegemea muda wote huo. "Mama, hilo ni la kwako."

Aliliangalia. Akakiangalia kichupa. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Lote?"