Kibodi ya Katoni ya Sabuni

Kibodi yangu ya kwanza ilinukia sabuni. Baba alikata ubavu wa katoni iliyotoka dukani kwake, akaunyoosha kwa kisu, nami nikachora vitufe kwa rula, kwa mpangilio wa Kifaransa: A, Z, E, R, T, Y, hadi mwisho wa safu. Darasani kila mtu alikuwa na yake. Kompyuta za chuo chetu cha biashara zilibebwa na wanajeshi vita vilipoingia Kisangani. Juu ya meza zilibaki alama zake tu, miraba ambayo mbao zake hazijapauka. Lakini somo la kompyuta halikufutwa, na bila kulifaulu hupati diploma.

Mwalimu wetu alikuwa mzee aliyepiga chapa maisha yake yote katika ofisi za serikali. Kwake sheria ilikuwa moja: macho yakae kwenye karatasi unayonakili, vidole vijitafutie njia. Aliyetazama vidole alipigwa rula. Nami ni mtu wa hofu, kwa hiyo nilijifunza kuliko wote. Nilibonyeza mezani nikingoja chakula. Nilibonyeza Baba Yetu nzima juu ya paja wakati wa misa.

Rafiki yangu wa Lubunga hakuiweza sheria ile. Alivuka mto kwa mtumbwi kila asubuhi, na wanajeshi wa bandarini walipokataza kuvuka alikosa masomo. Alibonyeza kwa kidole kimoja, kichwa kikishuka kwenye katoni na kupanda kwenye karatasi.

“Angalieni kuku ya Lubunga,” wenzetu darasani walimtania. “Iko nakunywa maji.”

“Kuku yenye inakunywa maji haikufe,” aliwajibu, akaendelea kunywa.

Mwaka tuliopata diploma hapakuwa na kazi. Mto ulifungwa kuelekea Kinshasa, na bidhaa za baba, mfanyabiashara wa jumla kutoka Butembo, zilikwama njiani miezi mizima. Ndugu zake walikuwa wamemwambia tangu zamani kwamba biashara hujifunzwa dukani, si shuleni, na alikuwa amewajibu kwamba siku moja wataona. Kwa hiyo shirika moja la misaada lilipotafuta mtu wa kuandika mizigo ya ndege pale uwanjani Bangboka, nyumbani hatukuzungumza jambo jingine. Ingekuwa kazi ya kweli, kwenye kompyuta ya kweli. Na baba wakubwa na baba wadogo wangeona.

Tulikwenda mimi na rafiki yangu, kila mmoja nyuma ya toleka yake, zile baiskeli za abiria zilizotubeba wakati petroli imeadimika. Njia nzima nilibonyeza mgongo wa mwendeshaji bila kujijua, mpaka akaniuliza kama nina homa.

Kwenye chumba cha mtihani palikuwa na kompyuta mbili za kupakata, nyeusi, nyembamba kuliko nilivyodhani. Msimamizi, kijana wa Kisangani mwenye kitambulisho shingoni, alitupatia karatasi ya kunakili, akauliza kama kuna swali.

Nilikuwa nalo. Mahali pa A palikuwa na Q.

Nikaanza kuwaza. Nikiuliza, watajua kwamba sijawahi kugusa mashine. Nisipouliza, je? Labda Q ile ni alama tu iliyobandikwa kiwandani kwa ajili ya wageni. Kwetu herufi zilikuwa wino juu ya katoni. Vidole ndivyo vilivyojua. Kwa nini huku isiwe vivyo hivyo? Na mashine ya bei ile isijue mtu anataka kuandika nini? Nilipata sababu baada ya sababu, zote nzuri, na msimamizi alikuwa ameshageuka kutazama saa.

Basi niliweka macho kwenye karatasi kama nilivyofundishwa, nikaandika. Vitufe vilizama laini, vikirudi vyenyewe, jambo ambalo katoni haikuwahi kunifanyia. Nilisikia furaha. Pembeni yangu rafiki yangu alidonoa, akasimama, akanung’unika, akadonoa tena. Nilimhurumia.

Nilimaliza kwanza. Msimamizi aliinama mbele ya kioo cha mashine yangu.

“Bon. Hii iko luga gani?”

Niliinua macho. Mashine ilikuwa ya mpangilio wa Kiingereza, na kila a ilikuwa q. Kila m ilikuwa nukta na mkato. Unga wa mahindi, mafuta, maharagwe, vyote vilikuwa pale, hakuna kimoja kilichosomeka.

“Donc haukuangalia juu hata mara moya?”

“Nilikuwa naangalia karatasi, chef.”

Hakucheka. Afadhali angecheka. Rafiki yangu alikuwa amefika nusu ya ukurasa tu, lakini kila neno lilikuwa neno. Walimchukua yeye.

Baba alinisubiri mlangoni mwa duka. Nilimweleza yote, na Q ile pia. Hakutaja ndugu zake. Aliingia ndani, nikasikia kisu kikipasua katoni, akatoka na kipande kipya, kingo zimenyooshwa tayari.

“Nichoree ya kwao,” alisema. “Utajifunza ile. Watatafuta mutu tena.”

Nilishika kalamu na rula. Nikaandika Q, halafu mkono ukasimama. Ile moja ndiyo pekee niliyoitazama. Niliipita safu yote ya vitufe bila kuiona, nikiwaza juu ya kitufe kimoja.

Rafiki yangu angenichorea kwa dakika chache. Alikuwa anaitazama kibodi ile kila siku kazini. Kumwomba kulikuwa swali jepesi. Nililitayarisha kwa maneno mengi, nikalipima, nikaogopa atadhani ninamwonea wivu. Shirika liliajiri tena baada ya msimu wa mvua. Kipande kile kilikuwa bado juu ya kabati, kikiwa na herufi moja.