Foleni ya Miwani

Enzi zile za kupanga foleni ya sukari, nikiwa kibarua wa mkonge hapa Kilosa, nilijipanga mstari nisioujua nikatoka nimechanjwa. Marehemu mke wangu alicheka wiki nzima. Mimi na mistari bwana, hatuelewani. Basi mwezi uliopita wageni wa misheni wakaja kanisani kwetu, Magomeni ya hapa hapa Kilosa, wanaombea wagonjwa na kugawa miwani. Mimi ni fundi cherehani, tundu la sindano silioni tena, na bila cherehani sili. Nikajipanga upesi.

Nafika mbele, nakuta kipaza sauti. Kumbe mstari ule ni wa waliopona, watoe ushuhuda.

“Shikamoo mzee. Bwana amekuponya nini?” mchungaji akauliza.

“Marahaba. Macho,” nikajibu.

Wageni wakapiga makofi, mmoja akalia. Mchungaji akanipa Biblia. “Fungua popote, utusomee.”

Nikafungua, nikashusha ile Zaburi ya ‘Bwana ndiye mchungaji wangu’ niliyoikariri utotoni. Mama Neema wa kwaya akachungulia, akaninong'oneza kipaza sauti kikiwa wazi:

“Babu, hiyo ni ramani ya safari za Paulo.”

Kanisa zima likasikia. Nikamrudishia mchungaji Biblia yake, nikaipita meza ya miwani bila kuitazama, nikatoka. Mpaka leo sijarudi kanisani.