Karatasi Ndani ya Kifuniko

Severine Muganyizi hakuwa mtu wa kujishusha, kwa hiyo na sisi hatutamshusha. Ukisalimiana naye, kabla hujamaliza kuitikia umeshajua kwamba kwao ni Kamachumu, kwamba Kiingereza alikisomea kwa mapadri, na kwamba hakuna aina ya amplifaya iliyoingia Mwanza tangu miaka ya themanini ambayo yeye hajaifungua tumbo. Hilo la mwisho lilikuwa karibu sana na ukweli. Kibanda chake cha Mkuyuni kilijaa spika zilizochanika, na mwenyewe aliketi katikati yake na miwani mbili, moja machoni, nyingine kwenye paji la uso, akiinamisha kichwa upande wa kushoto unapoongea naye. Sikio la kulia lilikuwa limekufa. Miaka arobaini ya kujaribu spika ilikuwa imelimaliza, na la kushoto nalo lilianza kuaga.

Kabla ya kibanda hicho alikuwa mfanyakazi wa mzee Natvarlal, aliyekuwa na duka la redio mjini. Humo alitengeneza maelfu ya mashine, na kila moja ilitoka na stika ya duka. Hakuwa na kinyongo na marehemu. Lakini kuna siku alisema mbele ya watu kwamba amefanya kazi maisha yake yote na hakuna mahali popote duniani palipoandikwa Muganyizi isipokuwa kwenye cheti cha ubatizo.

Hapo hakusema kweli. Jina lake lilikuwa limeandikwa sehemu nyingi, ila ndani. Mzee Natvarlal aliwafundisha vijana wake desturi moja: ukifungua mashine ya mtu na kubadili kitu, chora ulichobadili, weka tarehe na jina, bandika karatasi ndani ya kifuniko. "Ili atakayefungua kesho asimtukane mama yako," alikuwa akisema. Mafundi wote waliopita mikononi mwake waliishika, na waliofundishwa na hao wakaishika pia. Mpaka leo, fungua amplifaya kuukuu ya msikiti, ya kanisa au ya ukumbi wa harusi Mwanza, utakuta kikaratasi cha daftari kimenata kwa selotepu iliyogeuka rangi ya chai.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Umeme ukikatika na kurudi ghafla, amplifaya hupiga kishindo, na kishindo hicho ndicho huua spika. Dawa yake inajulikana siku nyingi: kuna rilei, swichi ndogo inayoendeshwa na umeme, ambayo huziweka spika kando mpaka amplifaya itulie. Lakini umeme wetu mara nyingine haukatiki kwa adabu. Hufifia, hurudi, hufifia tena, na rilei hubaki ikicheza tatatata mpaka inaungua yenyewe na kuunguza spika. Mchoro wa Muganyizi ulimaliza mchezo huo. Kila umeme ukitetereka, rilei iliachia na kuanza kuhesabu upya sekunde kumi, na haikuunganisha spika mpaka sekunde hizo zipite salama. Vipande vitatu tu vya ziada, kila kimoja kidogo kuliko punje ya mahindi.

Binti yake Kemilembe, anayefanya kazi Dar es Salaam, ndiye aliyemwambia kwamba kitu kama hicho huombewa hataza, yaani cheti cha serikali kinachosema uvumbuzi huu ni wa fulani. Akamjazia fomu, akamchorea upya michoro kwa kompyuta, baba akatia sahihi kwamba mvumbuzi ni yeye peke yake. Wiki hiyohiyo Muganyizi alimwendea seremala akatengenezewa fremu ya mninga yenye kioo, akaitundika kibandani ikiwa tupu. Wateja wakiuliza ni ya picha ya nani, alijibu, "Subiri." Mkuyuni nzima ikasubiri naye. Kuna waliokuwa wakimwita Mvumbuzi kwa kumtania, naye akawa anaitika.

Barua ya mkaguzi wa ofisi ya hataza ilikuja baada ya mwaka na miezi. Mkaguzi mwenyewe aliitwa Bi Shigela, na alikuwa amefanya kazi yake. Ukurasa wa kwanza alilikataa dai la kwanza la maombi: rilei ya kuzisubirisha spika ni kitu cha kale, akataja na nchi zilizokuwa nacho kabla Muganyizi hajashika bisibisi. Ukurasa wa pili alilikataa dai la pili. Dai la tatu, la kuanza kuhesabu upya, aliandika kwamba ametafuta kote na hakuliona mahali. Muganyizi aliusoma mstari huo mara nne, kisha akautafutia watu wa kuwasomea.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa na maswali mawili. La kwanza: je, kabla ya tarehe ya maombi, dai la tatu liliwahi kuwekwa mahali ambapo mtu yeyote angeweza kuliona? La pili: mwombaji athibitishe tena kwamba hakuna mtu mwingine aliyechangia.

"Jibu ni hapana na hapana, baba," Kemilembe alimwambia kwenye simu, akipaza sauti kwa ajili ya lile sikio. "Kama hujawahi kuuza mchoro wala kuutangaza, tunajibu wiki hii."

"Sijautangaza," alisema Muganyizi.

"Hujamwonyesha mtu?"

"Nimeubandika kwenye vifuniko."

"Vifuniko vingapi?"

Kumi na viwili, alivyokumbuka. Kemilembe akasema maneno ambayo baadaye aliyajutia, na alimwambia baba yake hivyo: "Vifuniko hivyo, baba, nani anavifungua zaidi yako?"

Tusimpambe mzee. Alielewa mara moja, na kesho yake asubuhi alitia bisibisi mfukoni akaanza kuzunguka mji. Kila alikofika alisema amekuja kutoa huduma ya bure, kupuliza vumbi. Watu wakamshukuru, wengine wakamletea soda. Alifungua, akapuliza kweli, akabandua karatasi yake taratibu, akaikunja, akafunga. Ukumbi wa harusi wa Mkolani. Msikiti mmoja, shule mbili. Siku ya tatu alikuwa na karatasi kumi na moja kwenye bahasha, na usingizi ulikuwa umeanza kumpaa, maana alijua mzee Natvarlal angemwambia nini.

Ya kumi na mbili ilikuwa Kirumba, kwenye kanisa la kigango ambako harufu ya dagaa wa soko la Mwaloni huingia mpaka altareni. Katekista Revocatus alimfungulia sakristia, chumba cha nyuma ya altare.

"Karibu mzee Severine. Hii mashine yako haijawahi kutusumbua tangu ulipoiacha. Kengele imepasuka, paa linavuja, yenyewe inadunda tu."

"Napuliza vumbi tu, katekista."

Akatoa skrubu sita, akageuza kifuniko. Karatasi yake ilikuwapo, ya mwaka 2011, na kwa mshangao wake mchoro ule ulikuwa wa zamani. Ulikuwa na rilei ya kusubirisha tu. Dai la tatu halikuwamo. Chini yake palibandikwa karatasi nyingine, yenye mwandiko mnene wa kuegemea nyuma ambao Muganyizi aliujua hata kabla ya kubadili miwani.

Iliandikwa hivi: "Mzee Muganyizi, shikamoo. Rilei yako inacheza umeme ukitetereka. Nimeongeza vipande vitatu, inaanza kuhesabu upya. Angalia kama nimekosea. Ukiona niambie. Shimba, Mkolani, 14/8/2013."

Na mchoro. Vipande vitatu, mahali pake palepale.

Muganyizi alikaa kwenye kiti cha padri bila kuomba ruhusa. Kumbukumbu ilimjia yote kwa pamoja, na hakuwa na pa kuikimbilia. Mwaka 2014 aliitwa kanisani hapo kubadili waya wa mikrofoni. Alifungua kifuniko, akauona mchoro huu, akacheka kwa raha kwamba dawa ilikuwa rahisi hivyo. Akaunakili kwenye daftari lake kwa penseli, haraka, bila jina, kwa sababu mchoro wa kujikumbusha hauhitaji jina. Mwezi uliofuata akauweka kwenye mashine nyingine, akautia sahihi yake kama desturi ilivyomtaka, kwa kuwa ni yeye aliyebadili. Kisha nyingine. Kufikia ya tano ulikuwa wake. Hakuiba kwa kukusudia, na hilo ndilo lililomtesa zaidi, maana angekuwa ameiba angalau angekumbuka.

Shimba alikuwa fundi Msukuma, mdogo wake kwa miaka kumi, mpole, mwenye mikono mizito. Muganyizi alikuwa akimtania kwamba mikono ile ni ya kulimia pamba, naye Shimba akicheka na kumrudishia kwamba Wahaya hutengeneza redio kwa mdomo. Kwa miaka alipita kibandani kila Jumamosi kuazima mita ya kupimia umeme. Kisha, mahali fulani mwaka 2014, aliacha kupita. Muganyizi alisema ni wivu, akaendelea na kazi. Mwaka 2019 alisikia Shimba amefariki, moyo, akatoa pole kwenye msiba pamoja na wengine.

"Kuna tatizo, mzee?" Revocatus aliuliza kutoka mlangoni.

"Hakuna."

Ukucha wake wa kidole gumba ulikuwa tayari umeingia chini ya selotepu. Kuvuta kidogo tu, na karatasi ya kumi na mbili ingeingia kwenye bahasha, na ile ya Shimba nayo, na duniani kusingebaki mtu mwenye kujua. Shimba hayupo. Mkaguzi alikuwa ametafuta kote, lakini kote kwake hakukufika sakristia ya Kirumba. Fremu ilikuwa ukutani. Na sikio, Mungu wangu, sikio halikuwa na miaka mingi. Baada ya hapo angekuwa mzee kiziwi tu ambaye zamani alikuwa fundi. Alivuta. Kona moja ya karatasi ikaachia, ikatoka na rangi ya kifuniko.

Akaiacha hapo. Akamwomba katekista kifuniko chote, akasema atamletea kingine.

Siku mbili hakufungua kibanda. Siku ya tatu Kemilembe akapiga.

"Baba, muda wa kujibu unaisha. Ni hapana mara mbili tu."

"Ni ndiyo mara mbili," alisema Muganyizi.

Akamweleza yote. Kemilembe alilia kwa hasira, akasema wangeweza kuongeza jina la marehemu na kuendelea, kwa nini atupe kila kitu? Muganyizi akamwambia kwamba swali la kwanza bado liko palepale. Kitu kilichokaa kanisani miaka kumi, na kila fundi akikisoma, hakiwezi kuitwa kipya, awe amekichora Shimba au malaika. Alikifunga kifuniko kwenye gunia, akatia ndani bahasha yenye karatasi kumi na moja na barua ya kueleza alivyozibandua, akapeleka ofisi ya mabasi vimfikie Bi Shigela. Barua hiyo aliiandika kwa mkono na hakumwonyesha mtu.

Jibu la mwisho lilikuja mwezi wa tano. Maombi yamekataliwa. Mkuyuni iliposikia, utani ulikuwa mkali kwa wiki moja, halafu ukaisha, jambo lililomuuma zaidi ya utani. Fremu aliiacha ukutani. Kuiondoa kungeleta maswali mapya.

Jumapili moja alichukua barua ya kukataliwa akaenda nayo Mkolani, kwa Minza, mjane wa Shimba. Alimkuta uani akichambua mchele.

"Shikamoo shemeji," Minza alimwamkia.

"Marahaba. Habari za hapa?"

"Njema. Umepotea. Tangu msiba."

Muganyizi alivuta kigoda, akaketi upande ambao sikio la kushoto lingemwelekea. Alimweleza kwa urefu, maana hakujua namna ya kulifupisha bila kujipendelea. Alipomaliza, alimsomea mstari mmoja kutoka ukurasa wa pili: "Dai la tatu si jipya. Lilikwisha kuonyeshwa katika mchoro wa fundi Shimba wa Mkolani, wa tarehe 14 Agosti 2013, uliokuwa wazi kwa mtu yeyote mwenye bisibisi."

"Kwa hiyo wamempa?" Minza aliuliza.

"Hawajampa mtu. Ni ya kila mtu sasa."

"Lakini wameandika jina lake."

"Wameandika. Na serikali imeliweka kwenye faili."

"Soma tena."

Akasoma tena. Minza aliweka ungo chini, akajifuta mikono kwenye kitenge, na kwa muda alikuwa kama anatabasamu.

"Siku aliyoibandika karatasi ile alirudi hapa anacheka peke yake," alisema. "Akaniambia, Mzee lazima ataifungua, na akiiona atakuja mwenyewe mpaka hapa. Aliniambia nisikose sukari ndani. Kila Jumamosi akaendelea kwenda kwako kuazima mita. Mita alikuwa nayo, shemeji. Aliinunua zamani."

Muganyizi aliinamisha kichwa, akidhani labda hakusikia vizuri. Alikuwa amesikia vizuri.

"Alipojua umeshaifungua, katekista alimwambia, alikwenda Jumamosi mbili zaidi. Ukamtania mikono. Hakwenda tena." Minza alimtazama, bila ukali, kama mtu anayeuliza njia. "Uliiona mwaka ule ule alioacha kwenda kwako. Mbona hukumwambia?"

Muganyizi aliikunja barua, akaitia mfukoni. Minza akainuka kwenda ndani kubandika maji ya chai, na kutoka jikoni akauliza kama anatumia sukari.