Tadeo Mlisha Buibui

Mwaka 1956, Ilula nzima hapakuwa na mtu wa kujiona kama Tadeo Kalinga, na kazi yake ilikuwa kulisha buibui. Mzungu mmoja mtafiti aliwakusanya kwenye mashamba ya maharage, akawafungia katika chupa za jamu zilizofunikwa kwa shashi. Chupa za kushoto zilipewa vidukari tu, wale wadudu wadogo wa kwenye majani. Za kulia zilipewa vidukari, nzi na panzi wachanga. Tadeo alilisha, akahesabu mayai, akaandika daftarini kwa mwandiko wa mikogo. Kijijini alijiita msaidizi wa daktari, na hakuna aliyejua ni daktari wa nini.

Nyumbani mambo hayakuwa na mikogo. Lusia, mkewe kwa miaka minne sasa, alikuwa amepoteza mimba mbili, na mama yake Tadeo alishaamua arudishwe kwao Kilolo. Tadeo alimpenda mkewe, hilo tusimnyime. Ila mbele ya mama yake alikuwa mwoga kuliko panzi ndani ya chupa.

Jumapili moja baada ya misa, mama akaja na mjomba Silvester kulimaliza shauri. Kuku akachinjwa. Lusia akapika, akawatengea mjomba na mumewe nyama, mama mkwe mboga, kisha akakaa mkekani pembeni na bakuli lake la majani ya maboga, kama siku zote. Kuku alikuwa wa wanaume. Mayai ndiyo kabisa: mwanamke akila, eti mtoto atazaliwa na kipara.

Tadeo hakuweza kungoja shauri lianze kabla hajajisifu.

"Mjomba, wale wa kushoto hasara tupu! Mayai kiduchu, na mengi hayaanguliwi. Wa kulia sasa, vifuko vya mayai vimejaa! Mama ukimlisha kitu kimoja kila siku, watoto usahau. Mzungu ameshangaa. Mimi niliona mapema."

"Kwa hiyo kosa si la buibui?" Lusia akauliza taratibu.

"Kosa lake liko wapi? Si anakula anachopewa!" akajibu Tadeo, paja la kuku limemjaa mdomoni.

Lusia alilitazama bakuli lake. Tadeo naye akalitazama, na msomi wetu akaliweka paja chini.

Mjomba Silvester akakohoa. "Yule ni mdudu. Huyu ni mtu."

Mama yake Tadeo, aliyezaa watoto tisa akazika saba, alilitazama bakuli lile lile. Machozi yalimlengalenga. Kwa wale saba hakuwa na wa kumlaumu ila desturi aliyoilinda mwenyewe. Akasimama, akaiondoa sahani ya nyama mbele ya wanaume, akaiweka mkekani kwa Lusia, akaketi hapo hapo.

"Kula, mwanangu. Kwenu hutarudi."

Na ile firigisi, kipande cha mwanaume mkubwa, ambayo mjomba Silvester aliikodolea macho tangu ilipotengwa, mama akaitia kinywani mwake mwenyewe.