Risasi ya Kumi na Tano

Baba yangu ni polisi wa akiba. Siku za kawaida analima tumbaku na mahindi kama wazee wengine wa upande huu wa Isebania. Mifugo ikiibiwa, anachukua bunduki ya serikali na kufuata nyayo hadi mpakani. Bunduki hiyo inalala kwetu, chini ya kitanda chao, pamoja na mkoba wa risasi kumi na tano. Mama hajawahi kuizoea.

"Kwetu Lambwe," husema, "askari wa mbuga akimaliza zamu, bunduki inabaki kituoni. Harudi nayo nyumbani kama mke wa pili."

"Na wezi wakija, niwapigie filimbi?" Baba humjibu. "Mimi kila Jumapili nahesabu risasi zangu. Anayehesabu hana makosa."

Walibishana hivyo karibu kila wiki, hasa redio ikisema bunduki zote za akiba zitakaguliwa. Mimi sikusema kitu. Hata darasani, Kidato cha Tatu, mwalimu akiuliza swali mimi huangalia dawati. Lakini nilitaka sana kujua nani kati yao yuko sawa. Jumamosi moja, Baba akiwa matangani, niliingia chumbani kwao, nikachomoa risasi moja na kuificha kwenye mkebe wangu wa kompasi. Mpango ulikuwa rahisi: kesho yake akihesabu na kupiga kelele, nitairudisha na kuomba msamaha, naye atakuwa amemshinda Mama.

Jumapili, baada ya kanisa, nilikaa sebuleni na kitabu cha Bayolojia ambacho sikusoma. Nikasikia risasi zikigonga meza, moja moja. Kisha zikagonga tena, kutoka mwanzo.

"Ziko?" Mama aliuliza kutoka jikoni.

"Zote ziko."

Nilikasirika hadi masikio yakawa moto. Kumbe anadanganya! Ndiyo maana sikuirudisha. Ama wacha niandike ukweli: hasira ilikuwa nusu, nusu nyingine ilikuwa woga. Niliibeba hadi shuleni. Nilikuwa nikifungua mkebe chini ya dawati, naiona imelala kando ya protrakta, nafunga. Baada ya dakika tano nafungua tena.

Jumanne nilitoka shule nikamkuta kaka yangu akifunga begi. Alimaliza Kidato cha Nne mwaka jana na alikuwa akisaidia shambani.

"Mzee anataka niende Macalder nikachimbe dhahabu," akasema. "Ati nikatafute maisha. Nimekosa nini, unajua?"

Nikamwambia sijui. Wakati huo kweli sikujua.

Alhamisi bunduki za kata yetu zilikaguliwa. Risasi ikikosekana polisi wa akiba anaweza kufungwa, nami nililijua hilo. Mara mbili nilitoka darasani nikijidai naenda chooni. Lakini jioni Baba alirudi akipiga mluzi. Kumi na tano kamili, akamwambia Mama. Nikakimbilia nyuma ya nyumba, nikafungua mkebe. Yangu ilikuwa bado humo.

Jibu lililetwa Jumamosi na rafiki ya Baba, polisi wa akiba wa kata ya pili. Nilikuwa nawapelekea chai.

"Omera, ndugu yangu, nirudishie ile moja yangu," alisema. "Sisi tunakaguliwa Jumatatu."

"Ngoja kidogo. Hata wewe mwaka jana nilikuazima mbili."

"Na si nilirudisha?"

"Sasa yangu nitaitoa wapi? Imeuzwa." Baba akashusha sauti. "Ni huyu kijana wangu. Nani mwingine? Nimemtoa hapa kabla hajauza bunduki yenyewe."

Niliweka trei chini kabla haijaanguka. Nikaenda nikaleta mkebe, nikaufungua mezani, kando ya sukari.

"Ni mimi, Baba."

Aliangalia risasi, kisha mimi. Sauti yake ikawa ya upole, na hiyo iliniumiza zaidi. "Nyathina, mwanangu, kaka yako amekutuma uirudishe?"

"Hapana. Ni mimi nilichukua."

"Usimfunike, mtoto wangu. Wewe hata kuku unaogopa kumshika."

Mgeni akacheka. Hapo nikapaza sauti, nafikiri kwa mara ya kwanza katika nyumba hiyo. "Nilichukua mimi! Siku ile ulienda matangani! Nilitaka kujua kama unahesabu. Na ulihesabu, mara mbili, nikikusikia, halafu ukamwambia Mama zote ziko!"

Mama alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Mgeni aliacha kucheka, akatia risasi kwenye mfuko wa shati, akaaga bila kumaliza chai.

Baba hakunichapa. Nilingoja siku nzima anichape yaishe. Nilipomwomba ampigie kaka, alisema atapiga. Hakupiga. Nikachukua simu ya Mama nikapiga mwenyewe. Nyuma ya sauti ya kaka, mashine ya kusaga mawe ilikuwa inanguruma. Nilimweleza yote.

"Wewe?" akasema. "Kumbe jambazi wa boma ni wewe!" Alicheka sana. "Lakini mwambie Mzee apige mwenyewe. Si wewe uliyenifukuza."

Nilifikisha ujumbe. Baba aliitikia kwa kichwa, akaenda kuangalia tumbaku yake.

Leo ni Jumapili tena. Baba amehesabia risasi mezani sebuleni, mbele yetu, mlango ukiwa wazi. Safari hii hana deni: ile niliyoificha ndiyo aliyoondoka nayo mgeni. Amefika kumi na tano, akasema, "Zote ziko."

"Na watoto?" Mama akauliza.

Baba alirudisha risasi mkobani, polepole, moja moja. Kisha akachukua simu akatoka nje. Nilisogea karibu na dirisha. Nikamsikia akikohoa, akitaja jina la kaka, akilitaja tena kwa nguvu zaidi. Ile mashine ya mawe ilikuwa inanguruma kwenye spika ya simu, niliisikia hadi ndani.