Mayai ya Mwalimu

Jumapili, baada ya ibada, tulipiga mnada sadaka za mavuno nje ya kanisa kama kawaida yetu Lushoto. Mwalimu mmoja, aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo ili apungue uzito, alinunua trei ya mayai. Hata hajaishika vizuri, wifi yake akainyakua na kumzawadia mgeni aliyetoka Tanga. Watu wakapiga makofi.

"Wifi, hicho ni chakula changu," mwalimu alisema. "Daktari kasema kila mlo nianze na mayai, maharage au samaki, tena nifanye mazoezi, la sivyo nitapoteza misuli pamoja na mafuta."

"Tumbo lenyewe limekatwa! Wewe uji unakutosha." Wifi akampokonya na ndoo ya viazi aliyokuwa ameibeba, akamkalisha kwenye benchi. "Mgonjwa habebi."

Wanawake wakaja kumshika mikono iliyobaki mifupa. "Umependeza!"

Damu ilinichemka. Tunamnyima mtu chakula, kisha tunamsifia kwa kukonda!

Mwalimu alipotaka kuinuka, miguu ilikataa. Tukamwinua mimi na wifi yake.

"Angalia," wifi akaniambia akitabasamu, "alivyo mwepesi!"