Imvutano ya Consolata na Poda ya Nchi Nne

Niliondoka Rumonge kwa sababu ya nguo. Mjukuu wangu Kaneza alikuwa Bujumbura kwenye mashindano ya warembo wa nchi zinazokunywa maji ya ziwa letu: Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia. Akanipigia simu: "Nyogokuru, niletee imvutano ya mama. Jumamosi tunavaa nguo za kwetu. Za kukodi hawazitaki. Asiye nayo hapandi jukwaani, na asiyepanda anarudi nyumbani."

Imvutano ile, nguo yetu ya kufunga fundo begani, binti yangu Consolata aliivaa siku ya mahari yake. Niliinunua Kigoma tukiwa bado wakimbizi, nikaja nayo melini siku tuliyorudi. Consolata alifariki Kaneza akiwa hajaota meno. Tangu hapo nguo ilikaa kwenye sanduku la bati. Mara moja moja nilifunga mlango wa chumba, nikafungua sanduku, nikanusa, nikafunga upesi, harufu yake isije ikaisha. Ndivyo nilivyoishi na mwanangu miaka yote hiyo.

"Utaiharibu," nikamwambia.

"Nitaivaa," akajibu. Mtoto ana mdomo kama wangu.

Alfajiri ya Jumamosi nikaipiga pasi ya mkaa, nikaikunja ndani ya kitenge, nikaiweka kwenye begi. Pembeni nikasimamisha bidoni ya mawese niliyokamua mwenyewe kwa ngazi, yaani chikichi, za kule Kizuka, zawadi kwa madamu anayewalea wasichana wa mashindano. Mtu wa Rumonge ataingiaje kwa watu bila mawese? Watauliza kama michikichi yetu imekauka. Na kwa baridi ile ya asubuhi mafuta yalikuwa yameganda kama ugali.

Dereva wa taksi akaitazama. "Mama, hiyo bidoni iko na mufuniko muzuri?"

"Nilianza kukamua mawese baba yako hajaoa. Endesha."

Abiria wakacheka. Nikakaa mbele kama mke wa gavana.

Magara tulifika wavuvi wakishusha samaki, taa za usiku bado zimening'inia kwenye mitumbwi. Pwani hii nilikuwa nakuja na Kaneza mdogo kununua samaki wa mukeke. Nikiwa nabishana bei, yeye anachukua beseni tupu, anajitwika, anawafuata wachuuzi mchangani, shingo imenyooka, kiuno kinakwenda huku na huku. Wale wanawake walikuwa wanamwita: "Mama mukubwa, samaki wako bei gani?" Naye hageuki, anapita tu. Huko Bujumbura wameweka mwalimu wa kuwafundisha warembo kutembea. Mjukuu wangu alikwishafundishwa na wauza samaki.

Gitaza tulikwama. Udongo wa mlimani ulikuwa umeshuka barabarani, vijana wanauondoa kwa majembe. Jua likapanda. Ndagala, dagaa wa ziwa letu, zilikuwa zimeanikwa kando ya njia, nami nikashuka kuziangalia na kuzitukana bei. Nyuma yangu dereva alipanga upya mizigo ili gunia la mtu lipate nafasi, akalilaza begi langu. Mimi sikuona. Nilikuwa naonja ndagala.

Mchana tulifika Bujumbura, kwenye hoteli iliyo kando ya ziwa. Nikawakuta wasichana mazoezini, nikakaa kwenye kiti cha plastiki kuwachunguza. Kumbe kazi! Mimi nilidhani urembo ni kusimama na kutabasamu. Wanatembea kwa viatu virefu, wanageuka, wanasimama, wanataja jina na nchi, wanarudi. Akikosea mmoja wanaanza wote. Kaneza akaninong'oneza kwamba usiku kuna nguo za kwetu, kisha magauni, kisha maswali, na baada ya nguo za kwetu nusu yao wanaondolewa. Nikawatazama wengine wale kwa jicho la vita. Wa Kongo, kutoka Uvira, miguu mirefu kama korongo. Wa Kigoma, macho makubwa. Wa Zambia hakujua Kiswahili, alicheka tu. Maadui wote, nikajisemea.

Kaneza akafungua begi.

Mawese yalikuwa yameyeyuka kwa jua la Gitaza. Kitenge kilikuwa chekundu. Imvutano ilikuwa na doa kifuani, kubwa kama sahani. Niliinusa papo hapo. Mawese matupu. Consolata hakuwemo tena.

Nikakaa chini sakafuni, mzima mzima.

Madamu akaishika ile nguo kwa vidole viwili. "Pole sana, mama. Lakini hivi hawezi kupanda. Mafuta yanachuruzika, atawachafua na wenzake."

Kaneza hakulia. Alichukua taulo, akaanza kuifuta nguo polepole, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Yule wa Kigoma akapiga magoti mbele yangu. "Shikamoo bibi. Nyumbani mafuta yakimwagika tunamwagia unga, unayanywa."

"Marahaba. Hoteli hii ina unga?"

"Jikoni wamefunga," akasema madamu.

Yule wa Uvira akaguna, akachukua kibweta chake cha kujipambia. "Koko, bibi yangu, ondoka hapo chini, utashikwa na mgongo. Unga ni huu." Akaimimina poda yake yote ya uso juu ya doa. Yote! Akakung'uta hata kitako cha kopo.

"Na wewe utapaka nini?" nikamuuliza.

"Mimi ni muzuri hata bila."

"Muongo huyu!" akasema wa Kigoma, naye akimimina yake. Wa Zambia hakuelewa neno, ila aliona, akaleta yake. Kaneza akamalizia. Poda nyeupe, ya kahawia, ya rangi ya udongo, zote kifuani pa mwanangu. Tukakandamiza, tukakung'uta, tukakandamiza tena. Mafuta yakanywewa. Doa likabaki, lakini kavu.

Jioni ukumbi ulijaa. Nchi nne zikapanda nyuso zikimeremeta jasho chini ya taa, maana poda ilikuwa imekwisha kwenda kazini. Kaneza akatoka akiwa amefunga fundo begani kama mama yake. Akatembea kama wa Magara, shingo ileile, na doa mbele, hakulificha kwa mkono. Nikashika ukingo wa kiti.

Mmoja wa majaji, bwana mwenye miwani, akainua kichwa. "Mademoiselle, hilo doa ni la nini?"

Watu wa nyuma wakasimama waone.

"Ni mawese ya Rumonge," akasema Kaneza. "Nyogokuru wangu ameyakamua. Nguo ni ya mama yangu, sikumjua. Leo wamenivisha wote wawili. Na wenzangu hawa wamelikausha kwa poda zao, ndiyo maana mnawaona wanang'aa."

Nilipiga vigelegele hadi yule wa mbele yangu akaziba masikio.

Hakuondolewa. Alifika hadi maswali, akawa wa pili. Taji alilichukua wa Uvira. Ningependa kusema alipendelewa, lakini nimeiona miguu ile, na moyo pia. Nilimkumbatia kabla sijamkumbatia mjukuu wangu, na Kaneza ananitania kwa hilo mpaka leo.

Jumapili nilirudi peke yangu, nguo mapajani, bidoni nimemwachia madamu na mawese yaliyobaki. Gitaza njia ilikuwa wazi. Magara sikushuka, nilichungulia tu dirishani, nikawaona wachuuzi na mabeseni yao.

Nyumbani jirani yangu Espérance alikuwa ananisubiri mlangoni. "Ameshinda?"

"Wa pili."

"Na hiyo nguo! Lete nikuoshee, niko na sabuni kali."

Nikakataa. Nikaitandaza kwenye kamba, nje, mbele ya nyumba, doa likitazama barabara. Nilikuwa nikimtunzia marehemu nguo, na marehemu havai. Watu wanaopita wanauliza ni ya nani, nami naweka kazi chini, nasema jina lake kwa sauti: Consolata. Miaka mingi nilikuwa nalitaja jina hilo ndani tu, mlango umefungwa.